Mei katika nyanda za Oklahoma

Hapa Oklahoma, Marekani, Mei ndio mwezi wenyewe wa tornado, ile nguzo ya upepo mkali inayozunguka kutoka winguni hadi ardhini. Unyevu unapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu inakuja kutoka magharibi, na huko juu upepo una kasi na mwelekeo tofauti na wa chini. Vikikutana alasiri ya joto, wingu huanza kuzunguka. Saa za kuchunga zaidi ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku.

Kinachonisumbua kila msimu ni jinsi watu wanavyokitegemea king'ora cha mji cha kuonya tornado. Kile ni cha walio nje. Ukiwa umelala, feni inazunguka na mvua ya mawe inapiga paa, hukisikii. Bora redio ya hali ya hewa yenye betri, masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz. Ingiza msimbo wa kaunti yako, tarakimu sita. La sivyo italia kwa dhoruba za mbali, na mtu akiamshwa bure mara kadhaa huizima moja kwa moja.

Simu ikiandika Tornado Watch, hali ya hewa inaruhusu tornado kutokea. Ikiandika Tornado Warning, imeonekana au rada imenasa mzunguko, na mara nyingi huna hata robo saa. Kwa hiyo kazi yote ni ya wakati wa Watch: viatu vya kamba miguuni, kwa sababu baadaye utakanyaga misumari na vioo, kofia ngumu, hata ya baiskeli, filimbi, dawa. Anayeishi kwenye trela, yaani nyumba ya kuhamishika, aondoke saa hiyohiyo, hata kama imefungwa ardhini kwa nyaya.

Handaki la kujificha chini ya sakafu ya gereji ni zuri, lakini kifusi hukalia mlango. Weka jeki ndani, na uliandikishe kwenye ofisi za mji ili waokoaji wajue pa kuchimba. La nje lina hatari nyingine: maji. Mei 2015, mvua zilipofurika Oklahoma City, mwanamke mmoja alizama ndani ya handaki lake.

Huna handaki? Chumba cha katikati, ghorofa ya chini, kisicho na dirisha. Bafu au kabati la nguo. Jifunike godoro. Usihangaike kufungua madirisha eti nyumba isipasuke kwa mgandamizo: unapoteza muda na kuukaribisha upepo. Funga hata milango ya ndani. Mlango wa gereji ukivunjika, upepo huingia na kuinua paa kutoka chini, basi ukibadilisha mlango huo nunua ulioimarishwa.

Kukimbia kwa gari ni kamari. Karibu na mji wa El Reno, 31 Mei 2013, tornado ilifikia upana wa kilomita 4.2 na ikageuka ghafla. Watu wanane iliowaua wote walikuwa kwenye magari. Chini ya daraja la barabara kuu ndiko kubaya zaidi, kwani upepo hubanwa pale ukaongeza kasi. Watu walifia chini ya madaraja kama hayo katika tornado za 3 Mei 1999.

Ikishapita, nusa kwanza. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kiberiti: toka nje, funga valvu kwa spana ikiwa unaifikia, na usiifungue tena mwenyewe, hiyo ni kazi ya fundi wa kampuni. Jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka mlango na madirisha.