Dakika Kumi na Tano za Manyoni: zawadi za njiani kutoka Singida hadi Gairo

Abiria wa meli ya kitalii ikitia nanga Zanzibar hupewa saa kadhaa za kuzurura Darajani na Mji Mkongwe kabla hawajaitwa kurudi melini. Sisi wa mabasi ya kanda ya kati tunapewa dakika kumi na tano, na humo humo uchimbe dawa, ule chipsi na udai chenji yako. Ndiyo maana watu hufika Dar es Salaam na vitunguu vilivyovunda na chupa ya sukari iliyochemshwa wakiamini wamebeba asali.

Safari hii ilianzia Singida, ikalala Dodoma, kisha ikashika njia ya Morogoro. Nilipanga manunuzi kwa kanuni moja: kinachovumilia joto na mtikisiko kinunuliwe mwanzo wa safari, kinachooza kinunuliwe mwisho. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu wanaanza na kinachowavutia machoni.

Singida nilinunua mafuta ya alizeti siku moja kabla ya safari, tena sokoni. Stendi alfajiri hakuna nafasi ya kukagua kitu. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo hayachujwi sana. Yananukia mbegu, na chini ya dumu hukaa masimbi. Hayo si ubovu; yaache yatuame siku mbili tatu, kisha mimina ya juu. Ubovu ni maji. Ukiyapasha mafuta kidogo kwenye kikaango yakaruka na kupasuka, yana unyevu na hayatakaa muda mrefu. Kuhusu kuchanganywa na mawese, jaribu kwenye friji: mawese huanza kuganda meupe, ilhali alizeti safi hubaki kimiminika hata kama litaingia ukungu mwembamba, ambao ni nta ya ganda la mbegu. Sokoni hakuna friji, kwa hiyo chukua chupa ya nusu lita kwanza, kaijaribu ulikofikia, halafu urudi kwa muuzaji yuleyule.

Dumu lenyewe linahitaji macho. Madumu yaliyokwisha kutumika hupoteza mpira wa ndani ya mfuniko, na hapo ndipo mafuta yanapopenya basi likianza kurukaruka. Fungua, kata kipande cha nailoni, kitandaze mdomoni, rudisha mfuniko kwa nguvu, kisha lipindue dumu juu ya gazeti kwa dakika tano. Gazeti likilowa, omba dumu jingine. Na usijaze hadi juu. Mafuta hutanuka kwa joto.

Vitunguu vyekundu vya Singida vina sifa nzuri, lakini vingi huuzwa vikiwa bado vibichi. Bonyeza shingo, pale majani yalipokatwa. Ikiwa laini, kitunguu hakijakauka, na kitaoza kuanzia hapo. Shingo iwe nyembamba, kavu, na maganda ya nje yawe yanachakarika mkononi. Vipakie kwenye wavu wala si kiroba kilichoshonwa, kwani kitunguu kisipopata hewa hutoa jasho, kikichipua au kuota ukungu ndani ya siku chache. Kuku wa Singida sikubeba. Kuku hai akifungwa miguu na kutupwa buti mchana wa jua hafiki, na akifika, amefika kama hasara.

Mzigo nao una mahali pake. Mabasi mengi siku hizi injini iko nyuma, na buti lililo karibu nayo huchemka. Nilimwomba konda mzigo wangu ukae buti la mbele, dumu likiwa wima na limebanwa na kiroba cha nguo. "Anko, huku kuna vumbi," akasema. Vumbi linafutika. Kila mzigo uandike jina na namba ya simu kwa wino usiofutika, na kama umelipia, dai stakabadhi. Ile mifuko mbadala iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019 hukatika mishikio ukiweka kilo nyingi. Kwa vitu vizito tumia kiroba cha kilo 25.

Manyoni ndipo palipo na asali, na ndipo watu wengi wanapopigwa. Asali ya ukanda huu, kutoka Manyoni na misitu ya Itigi, huwa na rangi nzito na harufu ya maua ya porini. Hupakiwa kwenye chupa za maji za lita moja na lita moja na nusu, na kijana anakuinulia dirishani huku basi likianza kusogea. Usinunue hivyo. Shuka, nenda kwenye meza za pembeni, chukua chupa na kuigeuza kichwa chini. Kiputo cha hewa kinachopanda kwenye asali nzito hupanda polepole kama kinapanda mlima. Kikipaa haraka, ina maji.

Mimi hubeba mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Lita moja ya asali safi ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya lita moja na nusu iliyojaa vizuri inapaswa kukaribia kilo 2.1. Ikisoma kilo 1.7, muulize mama muuzaji kwa adabu kama hana nyingine. Mizani haimnasi aliyechanganya kwa sukari iliyochemshwa ikawa nzito, lakini humnasa aliyeongeza maji, na huyo ndiye anayeharibu zaidi, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Vile vipimo vya kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, au kudondosha tone kwenye karatasi, usivitegemee. Sukari nzito huvifaulu vyote.

Mambo matatu hukosewa sana hapa. Asali iliyoganda si feki: sukari zake zimejipanga tu, nawe ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, itayeyuka. Asali yenye harufu kali ya moshi imerinwa kwa moto mwingi. Ni halali, ila si zawadi ya kujivunia. Na asali ya nyuki wadogo, ile nyembamba yenye uchachu inayouzwa ghali kwenye vichupa vidogo, ni nyepesi kwa asili yake, hivyo usiipime kwa kiputo wala kwa mizani. Ukiipata, ilegezee mfuniko mara kwa mara njiani. Huchacha, hutoa gesi na inaweza kumwagikia nguo zako zote. Ukimpelekea mama aliyejifungua, mkumbushe kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja halambishwi asali hata kidogo.

Kuhusu bei: taja yako baada ya kuonja, na noti ibaki mkononi mpaka chupa iwe mkononi. Noti kubwa stendi ni mtego hata kama muuzaji ni mwaminifu, maana anakimbia kutafuta chenji na dereva hamsubiri. Nenda na noti ndogo ulizozipanga tangu nyumbani, au lipa kwa simu kabla hujarudi kwenye kiti, maana mtandao nao hupotea pale unapouhitaji.

Baada ya Manyoni barabara inateremka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Bahi, na mashamba ya mpunga yanaonekana chini. Bahi kuna samaki na mchele. Samaki mkavu hunukisha basi zima, nikamwacha.

Dodoma nililala, na hapo manunuzi yalipata utulivu. Stendi kuu ya Nzuguni iko karibu na soko la Ndugai, kwa hiyo unaweza kununua asubuhi na kupanda basi bila kuvuka mji. Nilianza na vitu vikavu. Ubuyu wa Dodoma ni mweupe, haujapakwa sukari na rangi kama ule wa Zanzibar, na unga wake unauzwa kwa kilo. Chukua chembe, weka ulimini: unga halisi huyeyuka na kuacha uchachu safi. Ukibaki na unga unaonata kama wa mahindi, umeongezewa kitu. Ubuyu hunyonya unyevu upesi ukafanya madonge, basi ufunge kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana.

Zawadi ambayo watu wa Dar hawaitegemei ni mlenda mkavu, ambao Wagogo huuita ilende. Ni mwepesi, hauozi, na mwenye asili ya huku atakushukuru kuliko ungemletea kitenge. Kasoro yake ni mchanga. Finya konzi moja, isugue juu ya karatasi nyeupe, kisha inua majani. Ukiona punje zinang'aa, nenda meza nyingine. Salamu ya "Mbukwenyi" hapa haikugharimu kitu, na mama wa mlenda akishaipokea huwa anakufungulia mfuko wa ndani, ule asioutoa kwa wapita njia.

Karanga nazo ni za huku. Huko Kongwa Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukawashinda ndani ya miaka michache, lakini karanga za wakulima wadogo zipo hadi leo. Tatizo lake ni sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kukaanga karanga hakuiondoi. Chagua karanga zilizojaa, ngozi iliyobana, na tupa zilizosinyaa, zilizoliwa na wadudu au zenye madoa ya kijivu. Iliyosagwa tayari usiinunue barabarani, kwa kuwa huwezi kuchambua kilichokwisha kusagwa.

Kwa kazi za mikono, Dodoma ina ilimba, marimba ya Kigogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Kiini cha sauti yake ni mtetemo mkavu, unaotokana na vitundu vya sanduku vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Ilimba ya kuuzia wageni mara nyingi haina utando, na vyuma vyake vinateleza ukivigusa. Bonyeza kila ulimi wa chuma kwa kidole gumba: haupaswi kucheza kando wala kukwaruza ubao. Geuza chini uangalie kama kuna unga mpya wa mbao karibu na vitundu vidogo. Ni wadudu, na watahamia kwenye samani za unayempelekea. Vinyago vyeusi vinavyouzwa kando vimetoka mbali na huku, na si vyote ni mpingo. Paka mate kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu ya chini; ikiacha rangi, ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo halisi huzama majini. Ukiwekewa kitu cha pembe ya ndovu, ngozi ya mnyamapori au ganda la kobe, acha hapo hapo, hata kwa bei ya kutupa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 humbana mnunuzi pia.

Mwisho kabisa, asubuhi ya kuondoka, zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na kati ya misimu zinazouzwa ni chache na ghali. Zabibu haiivi baada ya kukatwa, kwa hiyo chachu leo itabaki chachu Jumapili. Onja ya ncha ya kishada, maana ya juu huiva kwanza. Ncha ikiwa tamu, kishada chote ni kitamu. Shina liwe la kijani. Likiwa la kahawia na punje zinapukutika ukitikisa, zimelala. Ule unga mweupe juu ya ganda si dawa, ni nta yake yenyewe, na ndiyo inayolinda. Usizioshe hadi utakapozila.

Muuzaji hupima kwa sado, kopo la lita nne. Tia mkono ndani kabla hajajaza. Masado mengi yamegongwa chini hadi kitako kimepanda vidole viwili, na hapo umeshapoteza sehemu ya zabibu zako. Mimi huomba kilo. Nilipanga vishada mstari mmoja kwenye katoni ya kina kifupi, gazeti chini na juu, matundu sita ya kidole ubavuni, na katoni ikakaa miguuni mwangu, kwani juu kwenye rafu ya basi jua hupiga dirisha moja kwa moja. Mvinyo wa Dodoma nilichukua chupa mbili, kila moja imeviringishwa kwenye suruali na kuwekwa katikati ya begi, shingo zikiangaliana kinyume.

Kwa treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ungenunua kila kitu kabla ya kupanda. Madirisha hayafunguki na hakuna biashara ya kukimbizana njiani. Kwenye basi, Kibaigwa bado wanakuja na nafaka, na lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita mdomo, zimesimama barabarani zikiwa na vilemba kama mashekhe. Debe moja la mahindi lingenigharimu nafasi ya miguu kwa saa sita. Nilifungua katoni, nikachambua punje zilizopasuka kwa mtikisiko kabla hazijalowesha wenzake, nikampa jirani nusu. Tulipopita Gairo gazeti la chini lilikuwa bado kavu.