Korongo chini ya dimbwi: nilivyoanguka na pikipiki karibu na Kiwira

Mimi ni afisa ugani, na kwa miaka 8 nimezunguka vijiji vya Rungwe, mkoani Mbeya, kwa pikipiki nikikagua miche ya parachichi na migomba ya wakulima. Asubuhi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, nilikuwa nikiteremka kwa barabara ya udongo inayoungana na lami ya Uyole–Tukuyu karibu na Kiwira. Mbele yangu maji yalikuwa yametanda barabara nzima, na kwa kuwa wiki moja kabla nilipita hapo pakiwa pakavu na tambarare, sikupunguza mwendo vya kutosha.

Chini ya maji yale palikuwa na korongo. Kalavati lilikuwa limeziba kwa udongo na magome ya migomba, mtaro ukafurika, na maji yalipokosa pa kupita yakapanda barabarani na kuuchimba udongo wetu huu wa volkano, ambao ukilowa hulegea upesi mno. Gurudumu la mbele lilizama. Kwa hofu nilikamata breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo nilipokosea: breki hukamatwa kabla ya kulifikia shimo na kuachiwa kabla gurudumu halijaingia. Uzito wote ulihamia mbele, shokapu zikabonyea hadi mwisho, usukani ukanitoka mikononi, nami nikaangukia bega la kulia.

Kijana mmoja alizima injini na kufunga koki ya mafuta, kwani petroli ilikuwa imeanza kuvuja. Mama aliyekuwa akitoka shambani alitua kikapu chake cha ndizi, akapiga magoti kwenye tope. "Usiinuke, mwanangu, tulia kwanza," aliniambia, kisha akaniuliza kama ninaweza kuchezesha vidole vya miguu. Aliivua kanga aliyojitanda, akaikunja pembetatu, akaufunga mkono wangu kifuani, na fundo akaliweka upande wa pili wa shingo ili lisigandamize palipovimba. Nilichoweza kumjibu ni neno moja tu la Kinyakyusa: "Ndaga."

Hospitalini picha ya eksirei ilionyesha mtulinga umevunjika. Mwenzangu wa kazini alishughulikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituo cha polisi, nami nikaambiwa mkono ukae kwenye kitambaa kwa wiki 6. Rimu, taa na foki nilinunua kwa fedha zangu, kwa sababu bima ndogo hulipa madhara ya mtu mwingine, si ya chombo chako mwenyewe. Kofia ngumu ilikuwa imepata ufa mrefu upande wa kulia. Ndiyo iliyoniokoa, lakini sikuivaa tena, kwa maana kofia iliyokwisha kupokea pigo kubwa haiaminiki kwa pigo la pili.

Maumivu hayakunisumbua kitandani kama wazo la wanafunzi wanaopakiwa wawili wawili kwenye bodaboda kupita pale pale. Siku ya ajali vijana walichomeka matawi mabichi kama onyo, ila matawi hunyauka. Nilimpelekea mtendaji wa kijiji maelezo na picha, na mwenyekiti wa kitongoji akaitisha watu Jumamosi moja. Wengi walitaka tufukie shimo tu, jambo ambalo tayari lilikuwa limefanyika mara mbili. Niliomba tuanze na kalavati, kwani shimo likifukiwa huku mtaro umeziba, mvua inayofuata hulichimba upya. Nikiwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, nilikaa kwenye ukingo nikielekeza maji yafuate wapi, huku wenzangu wakitoa matope kwa majembe, na mchana wakajaza mawe makubwa, kisha changarawe, na kushindilia.

Niliporudi barabarani bega lilikuwa limepona, lakini moyo ulichelewa. Sasa nimefunga fimbo pembeni ya kiti, na nikikuta maji nisiyoyajua nashuka na kupima kina kwanza, hata kama wakulima wananisubiri. Yule mama nilimpelekea doti mpya ya kanga. Aliipokea kwa mikono miwili, akaligusa bega langu, akaomba namba yangu ya simu, na tangu hapo kila baada ya mvua kubwa hunipigia kunieleza kama kalavati linapitisha maji.