Nilivyowamaliza kunguni chumbani kwa tochi, joto na kuhesabu siku

Kunguni hawaishi kwenye godoro peke yake. Anayelipulizia godoro dawa akaridhika, baada ya wiki mbili ataumwa tena na atadhani kauziwa dawa feki, kumbe hakuwatafuta walipo. Kwenye kitanda nilichokishughulikia mimi, godoro lilikuwa na kundi moja tu, chini ya utepe wa mshono kwenye kona ya kichwani. Waliobaki walikuwa kwenye mbao: matundu ya skrubu, maungio ya matendegu, ncha za chaga pale zinapokalia fremu, na nyuma ya ubao wa kichwani.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza haikuwa kupuliza. Ilikuwa kukagua, na ilinichukua karibu saa tatu kwa kitanda kimoja. Vifaa ni tochi yenye mwanga mkali, kadi ngumu ya plastiki, bisibisi, selotepu pana na mifuko mikubwa ya plastiki isiyo na tundu. Nilianza na shuka na foronya: nilizikunja polepole kuelekea ndani, nikaziingiza kwenye mfuko palepale kando ya kitanda na kuufunga kabla sijatoka nao. Ukizikung'uta au ukizibeba mikononi kupitia sebuleni, unawapandikiza huko.

Kisha nilipitisha kadi kwenye mshono wa godoro, sentimita kwa sentimita, tochi ikimulika kwa pembeni. Alama za kutafuta ni tatu: vidoa vyeusi kama nukta za kalamu ya wino, ambavyo ukivipitishia kitambaa chenye maji vinatawanyika, ngozi tupu walizojivua, na mayai. Tone la damu kwenye shuka pekee si ushahidi, wala vipele mwilini, kwa sababu wapo watu wanaoumwa usiku kucha na ngozi isioneshe kitu. Usianze vita kabla hujamshika mdudu mwenyewe. Mbandike kwenye selotepu umwangalie: mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, bapa, rangi ya kahawia iliyoiva, hana mabawa na haruki.

Nilipofungua skrubu ya kwanza ya ubao wa kichwani, mdomo wa tundu ulikuwa mweusi kwa kinyesi. Ndani walikuwa wamebanana, wakubwa kwa wadogo, katikati ya ngozi tupu za rangi ya asali. Kwenye ukuta wa tundu kulikuwa na mayai meupe ya milimita 1, kama vipande vya chenga za mchele, yamegandishwa kwa gundi kiasi kwamba kadi iliteleza juu yake tu. Mayai mengine yalikuwa na kinukta cha jicho upande mmoja. Yai likifikia hapo lina siku tano au zaidi, maana yake linakaribia kuanguliwa. Pembeni alikuwepo tunutu, yaani kunguni mchanga, aliyetoka karibuni, mdogo kama kichwa cha pini na karibu hana rangi; ukiwa na haraka humwoni. Akishakunywa damu ndipo anaonekana, tumbo likiwa jekundu kabisa.

Yale mayai ndiyo yaliyonipangia ratiba nzima. Katika joto la kawaida la chumba, yai huanguliwa kati ya siku 6 na 10, na chumba kikiwa baridi huchelewa zaidi. Tunutu hupitia hatua tano kabla ya kukomaa, na kila hatua lazima anywe damu angalau mara moja ndipo ajivue ngozi. Kuanzia yai hadi mdudu anayetaga ni kama wiki tano hadi nane. Sasa fikiria: ukishambulia leo ukaua wote wanaotembea, mayai uliyoyakosa yatatoa kizazi kipya wiki ijayo. Ukirudi ndani ya wiki mbili utawakuta wangali tunutu, hawajataga. Ukichelewa miezi miwili, umeanza upya. Ndiyo maana nilipanga raundi tatu: siku ya kwanza, siku ya 12 na siku ya 26, nikaziandika kwenye kalenda na sikuzisogeza.

Kuhusu dawa za kupuliza niseme wazi. Nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni za jamii ya pairethroidi, na kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamejenga usugu dhidi yake. Nilipompulizia mmoja moja kwa moja kwenye sahani nyeupe, baada ya saa kadhaa alikuwa bado anatembea. Ubaya mwingine ni kwamba dawa hizo huweza kuwafukuza: wanaikimbia fremu na kuhamia kwenye soketi, fremu za picha na chumba cha jirani. Yale makopo ya kufungua na kujaza moshi chumba kizima ndiyo dhaifu kuliko yote, kwa kuwa matone yake hutua juu ya vitu na hayaingii kwenye nyufa walikojificha.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Usitumie dawa ya shambani ndani ya nyumba. Usiweke chumbani, wala chini ya kitanda, vidonge vya kuhifadhia nafaka: vinatoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya kwenye nyufa za ukuta na imeua watu waliolala, watoto wakitangulia. Mafuta ya taa, petroli na spiriti huua wale tu yanaowalowesha, na yanageuza godoro kuwa kuni zinazosubiri cheche. Hakuna kunguni anayestahili hatari hiyo. Anaudhi na ananyima usingizi, lakini haijathibitishwa kwamba anawaambukiza watu magonjwa anapowauma.

Silaha niliyoitegemea ni joto. Kunguni mzima hufa kwa nyuzi 48 za Selsiasi akikaa humo dakika 20 hivi. Mayai ni magumu zaidi, yanahitaji kama dakika 90 kwa joto hilohilo. Kuanzia nyuzi 50 kwenda juu muda unapungua sana. Nguo na shuka zote nilizifua kwa maji ya nyuzi 60, na zile zisizofulika nilizizungusha kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu dakika 30, zikiwa kavu tangu mwanzo. Mashine usiishindilie, ikijaa, katikati ya mzigo hakupati joto. Vitabu, viatu na midoli viliingia kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili, vikiwa kwenye mifuko iliyofungwa. Friza dogo la juu ya jokofu mara nyingi halifiki baridi hiyo, kwa hiyo weka kipimajoto ndani kabla ya kuliamini.

Kuanika godoro juani ni desturi nzuri kwa unyevu, si kwa kunguni. Nililijaribu kwa kipimajoto: kitambaa cha juu kilikuwa cha moto hata hakishikiki, lakini upande wa chini, kwenye kivuli cha godoro lenyewe, joto halikufika hata nyuzi 40. Nao hawakai kusubiri kuungua, wanahamia kwenye kivuli hicho. Mifuko myeusi ya nguo juani nayo ni vivyo hivyo: kama kipimajoto cha katikati ya furushi hakijavuka 50 na kukaa hapo, hesabu kwamba hujaua kitu.

Kwenye godoro na fremu nilitumia mashine ya mvuke. Mambo mawili huiharibu kazi hii. La kwanza ni mdomo mwembamba wenye msukumo mkali, unaowapeperusha hadi upande wa pili wa chumba wakiwa hai. Nilitumia mdomo mpana nikaufunga kitambaa cha pamba ili mvuke utoke kwa utulivu. La pili ni haraka. Mwendo unaofaa ni sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, yaani sentimita 30 zisipungue sekunde kumi, na eneo ulilotoka kulipitisha lipime nyuzi 70 hadi 80 papo hapo. Likiwa chini ya hapo, punguza mwendo. Mvuke usiusogeze kwenye soketi wala swichi. Vyuma vilivyofunguka, skrubu na bawaba, nilivitia kwenye maji yanayochemka. Mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa ziepushe na maji hayo, zinavimba na kupasuka, na kila ufa mpya ni chumba kipya kwao.

Kabla ya mvuke nilipitisha kivuta vumbi kupunguza wingi wao. Nilivalisha soksi ndefu nyembamba ndani ya mdomo wa bomba na kuikunjia nje, nikaifunga kwa mpira. Wote waliovutwa walibaki ndani ya soksi, nikaifunga fundo mashine ikiwa bado inavuta na kuitia kwenye mfuko. Bila hivyo kivuta vumbi chenyewe kinakuwa makazi. Mayai hayavutiki, kwa sababu ya ile gundi.

Baada ya kukauka, nyufa zilipata vumbi la udongo wa diatomu. Haliui kwa sumu. Linakwangua na kufyonza nta ya ngozi ya mdudu hadi akauke, kazi ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Watu hulitumia vibaya kwa kulimwaga kama unga wa kuoka. Kunguni hulizunguka rundo. Linatakiwa liwe ukungu tu, utando usioonekana vizuri, uliopakwa kwa brashi laini ya rangi ndani ya tundu la skrubu, nyuma ya ubao wa chini ya ukuta na kwenye mwanya wa fremu. Kijiko kimoja cha chai kilitosha kitanda chote. Nunua lile lililotengenezwa kwa ajili ya wadudu, si la kuchujia maji ya bwawa la kuogelea, ambalo ni hatari kwa mapafu. Vaa barakoa, na usilitie juu ya godoro. Likiloa halifanyi kazi.

Godoro nililivalisha mfuko mzima wenye zipu, ule wa meno madogo, na mwisho wa zipu nikaufunga selotepu, maana mwanya wa zipu ndio mlango wao. Mfuko huo unabaki mwaka mzima bila kufunguliwa, kwa sababu kunguni huvumilia njaa miezi mingi.

Kisha kitanda nikakifanya kisiwa. Nilikisogeza sentimita 20 kutoka ukutani, nikatoa kila kitu kilichokuwa chini yake, na shuka nikazichomekea zisiguse sakafu. Chandarua kinachoburuzika chini ni ngazi, hicho nacho kichomekwe. Kila tendegu lilikaa kwenye mtego wa mabakuli mawili ya plastiki, dogo limegundishwa katikati ya kubwa. Ukuta wa nje wa bakuli kubwa niliubandika karatasi yenye mkwaruzo ili waupande. Kuta za ndani zote zilibaki laini, zikapakwa poda ya talki kwa kitambaa, kiasi cha kushika kwa vidole viwili kwa kila bakuli. Poda hiyo usiiache. Kunguni wa maeneo ya joto, Cimex hemipterus, hupanda plastiki laini vizuri kuliko mwenzake wa maeneo ya baridi, Cimex lectularius, na mtego mkavu usio na poda anautoka. Nilifuta na kupaka upya kila wiki.

Jambo lililo gumu kulikubali ni hili: lazima uendelee kulala kitandani hapo. Joto la mwili na pumzi ndivyo vinavyowavuta kutoka mafichoni kuvuka vumbi na kuingia mtegoni. Ukihamia kochi la sebuleni, wengine wanakufuata na wengine wanasubiri, na sasa una vyumba viwili vya kutibu. Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie kutupa kitanda. Kukiburuza nje kunawadondosha njiani, na kipya kitawapokea walioko kwenye kuta.

Mitego ndiyo iliyoniambia kazi imefika wapi. Aliyenaswa kwenye bakuli la ndani ametoka kitandani. Aliyenaswa kwenye bakuli la nje anatoka chumbani. Wiki ya kwanza nilihesabu 11 ndani na 6 nje. Baada ya raundi ya pili, ndani palibaki tunutu wawili wadogo bila mkubwa hata mmoja, ishara ya mayai yaliyoponyoka mvuke na si ya kundi jipya. Lakini bakuli la nje la tendegu moja liliendelea kupata mmoja mmoja, na wote walikuwa majike wakubwa. Majike yaliyokwisha kupandwa hujitenga na kundi, na moja linatosha kuanzisha ukoo mwingine. Nilifuata upande wa tendegu hilo: fimbo ya pazia, ndani ya kofia ya plastiki ya mwisho wake, walikuwa wanne na mayai. Fimbo ilipitishwa mvuke, kofia ikachemshwa.

Raundi ya tatu niliifanya ingawa mitego ilikuwa mitupu, kwa sababu siku 26 zilikuwa kwenye kalenda. Niliendelea kuisoma mitego kila wiki hadi zilipotimia wiki nane mfululizo za sifuri kwenye mabakuli yote manne, ndipo nikaacha kuhesabu raundi. Mabakuli yenyewe bado yapo chini ya matendegu, na begi likitoka safari linafunguliwa juu ya sakafu tupu, nguo zinakwenda moja kwa moja kwenye mashine, na mishono ya begi inapitishwa tochi na kadi kabla halijaingia chumbani.