Nilirudi Kibokoni, na mkono haukupewa

Kwetu Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa, msafiri akirudi hawi wa mamake peke yake. Ni wa mtaa mzima. Hajavua viatu nyumba ishajaa. Kuna shangazi wa damu na shangazi wa kuzoeana, kuna watoto wasiomjua wanaosukumwa mbele wambusu mkono, kuna wazee wanaoingia na "karibu mwanangu, mbona umekonda?", na macho ya wote, kwa adabu, yanapitia kwenye masanduku. Mimi nilitoka Maskati mwanzoni mwa Machi 2020, na hayo yote niliyapata. Waliokuja mwisho wa mwezi ule ule walipokewa wakapelekwa karantini.

Mji umebadilika, sitaki kudanganya. Nilipoondoka 2011, kutoka Nairobi ilikuwa ni basi la usiku na kuamkia Mariakani shingo imekakamaa. Sasa kuna treni, unashukia Miritini. Majumba ya mjini kati yamepakwa nyeupe na buluu. Kibokoni lakini haina habari na hayo. Baada ya alasiri muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, baraza zinajaa, na kikombe kimoja kinapita kwa wazee wanne, kati ya mzee na mzee kikichovywa tu kwenye kindoo cha maji yaliyokwisha geuka rangi. Nilikitamani kikombe kile miaka yote. Maskati kahawa ni nzuri zaidi, haki ya Mungu, ila huna wa kubishana naye siasa za kaunti.

Korona siku zile ilikuwa ya watu wengine. Oman ilikwisha tangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 24 Februari, wanawake wawili waliotoka Iran, na sisi tulioko kule tulishaanza kuogopana ndani ya lifti. Nilipoyasema hayo barazani, wazee walinisikiliza kama msimulizi wa sinema, wakaniagizia kahawa nyingine.

Ijumaa ya Machi 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza wa Kenya: mwanamke wa miaka 27 aliyetoka Marekani kupitia London. Mkenya aliyerudi kwao, basi. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule, na akaamuru kila aliyeingia nchini katika siku 14 zilizopita ajitenge. Hapo mtaa ukaanza kuhesabu vidole.

Bibi wa nyumba ya pili, yule aliyenishika mashavu kwa mikono miwili siku niliyofika akalia, alimtuma mjukuu wake. Mtoto akasimama mbali na mlango, barabara nzima kati yetu, akapaza sauti: "Ami, bibi auliza, uliingia tarehe ngapi?" Kabla sijajibu, mama kutoka dirishani: "Mwambie bibi yako akatazame kalenda, alikuwa wa kwanza kula halua!" Mtaa ukacheka. Lakini kesho yake hakuna aliyebisha hodi, na siku zangu zikahesabiwa upya kuanzia Jumapili ile, si kuanzia nilipotua. Nikahamia chumba cha juu, chakula kikawa kinaachwa kwenye ngazi.

Sikukasirika. Nilikuwa nimetoka kwenye nchi yenye ugonjwa kuja kwa watu wenye wazee ndani ya nyumba, vyumba viwili watu saba. Kilichoniuma ni watoto. Walishazoea kunibusu mkono, sasa wakiniona dirishani wanakimbia wakipiga kelele "korona! korona!" na wanafurahi kweli kweli.

Kutoka kule juu niliona mtaa ukijipanga upya. Kikapu cha kamba kilikuwapo tangu utoto wangu, mwanamke wa ghorofani ateremshe pesa, apandishiwe mchicha. Sasa kikawa ndiyo njia. Muuza mboga anatia fungu mbili za mchicha na nazi, anataja bei, mama anamtumia kwa M-Pesa, maana Safaricom walikuwa wameondoa ada ya kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000. Mwanamume anasubiri ujumbe ulie, anatazama simu, anainua dole gumba, kikapu kinapanda. Nazi inaoshwa kwa sabuni. Nazi!

Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni warudi makwao walipigwa na kufukizwa gesi ya machozi, na saa moja haijafika. Sisi tuliona kwenye simu. Nairobi huenda saa moja ni wakati wa kuwa nyumbani, lakini mji huu biashara yake ni ya usiku: mishkaki, viazi karai, mahamri ya kununuliwa baada ya isha. Mama mmoja wa hapa chini alijaribu kukaanga viazi saa nane mchana. Watu walimnunulia kwa kumwonea haya, si kwa njaa.

Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili misikiti imefungwa. Tarawehe tukasali sebuleni, mimi imamu kwa sababu eti nilikuwa Uarabuni. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi: hatukutoka, hakuna aliyeingia, na mikahawa ikafungwa. Tukasemwa kwamba tulikataa kupimwa. Wengi walikataa, ni kweli. Ila mtu anayekula alichouza leo alikuwa amesikia watu wakiwekwa karantini siku nyingi na kutozwa pesa kwa ajili hiyo. Ungetaka akimbilie kupimwa? Angeambiwa mapema nani atalisha watoto wake, foleni ingefika Foti, kwenye ngome ya Fort Jesus.

Kahawa nayo ikaondoka barazani. Muuzaji aliiuza kabla ya kafyu, na ilibidi uteremke na kikombe chako. Mama alinitengea kibovu kisicho na mkono, vile vya wageni havikutoka.

Binamu yangu aliyebaki Maskati kazi ilisimama, na siku zile aliniuliza arudi au asubiri. Nilimwambia ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimama tangu Machi 25, kwa hiyo hakuwa na la kuchagua wakati ule, ila zikifunguliwa asitarajie kukumbatiwa. Shangazi, ambaye hakuniacha nimalize ujumbe, alichukua simu akaongeza lake: akija asisahau udi.