Nilivyoupisha Mlima

Ilikuwa zamu yangu, saa tisa usiku, siku ya nne tangu tung'oe nanga Fiji. Upepo ulivuma wa kusini-mashariki (kwa mazoea ya Pemba niliuita kusi) na tanga lilikuwa limejaa. Mbele, kulia kwa omo (pua ya chombo), nikaona taa nyekundu. Ikazimika. Ikawaka tena.

Baharini taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo, na ukiiona kuliani kwako, mara nyingi wewe ndiye wa kupisha. Nikageuza usukani. Dakika kumi nzima naipisha meli ile, na yenyewe haisogei! Mwishowe nikamwamsha nahodha. Akatoka na blanketi begani, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Unaupisha mlima," akasema.

Kumbe ni Yasur, volkano ya kisiwa cha Tanna, Vanuatu. Mwaka 1774 Kapteni James Cook, baharia mvumbuzi wa Kiingereza, naye alivutwa na mwanga huo huo. Ghuba tuliyotia nanga asubuhi, Port Resolution, imebeba jina la meli yake. Alitaka kuukaribia mlima, wenyeji wakamzuia. Sisi tulilipa kiingilio tukapandishwa nyuma ya pikapu.

Si mrefu, mita 361 tu. Lakini ni jivu jeusi tupu, hakuna hata jani. Tulifika ukingoni jua likizama. Kwanza ardhi inatetemeka chini ya visigino, kisha kishindo kinakupiga kifuani, mawe mekundu yanapaa, yanasita kidogo huko juu, halafu yanarudi shimoni pwata, pwata, kama matope. Moshi wa kiberiti unakaba koo. Kijana aliyetuongoza, amevaa ndala, alitupa somo moja: jiwe likija usikimbie, simama, tazama juu, ujue linaangukia wapi, ndipo ulikwepe. Rahisi kusema. Mlipuko uliofuata, miguu yangu ilishaanza safari, naye akanishika shati kwa nyuma huku nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Tulirudi chomboni usiku, njaa inauma. Nikapakua wali, nikauma kijiko cha kwanza: mchanga. Nikaangalia sufuria, ilikuwa imefunikwa vizuri. Jivu lilikuwa linadondoka kutoka kwenye nywele zangu kila nikiinamia sahani.