Mwaka wa baht 65,000

Oktoba 2018 ubalozi wa Uingereza mjini Bangkok ulitangaza kwamba hautaandika tena barua za kuthibitisha mapato ya wastaafu. Maombi ya mwisho yangepokelewa tarehe 12 Desemba, na kuanzia Januari 2019 kila Mwingereza anayeishi Thailand kwa pensheni yake atafute njia nyingine ya kuwaonyesha Uhamiaji kwamba ana cha kumweka. Wamarekani na Waaustralia nao walipata tangazo kama hilo kutoka kwa balozi zao.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Unesi nimeufanyia Leicester, karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na uraia wa Uingereza niliuchukua zamani zile ambazo sheria ya Kenya haikuruhusu mtu kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ule wa nyumbani ukakatika. Katiba ya 2010 ilifungua mlango wa kuurudia, na wenzangu wengi wameurudia. Sisi tulipostaafu hatukurudi Mombasa wala hatukubaki Leicester. Binti yetu alikuwa akisomesha Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ana watoto wadogo, na mume wangu alisema hana haja ya kuwa babu wa kwenye simu. Tukaja. Ijumaa anaswali msikiti wa Ban Ho, uliojengwa na Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, mimi napita soko la wiki lililo jirani, jioni wajukuu wako kwetu. Ni maisha niliyoyapenda tangu mwanzo, na ndiyo maana tangazo lile lilinikosesha usingizi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mgeni aliyetimiza miaka 50 anaweza kupewa ruhusa ya kukaa mwaka mmoja kama mstaafu, na kila mwaka aiombe upya. Anaonyesha mojawapo ya mambo matatu: baht (fedha ya Thailand) 800,000 katika benki ya Thailand, au mapato ya baht 65,000 kila mwezi, au mchanganyiko wa akiba na mapato ya mwaka unaofika hiyo 800,000. Zamani sisi wa njia ya mapato tulipeleka ubalozini karatasi za pensheni, ubalozi ukaandika barua, na barua hiyo ikamtosha afisa wa Uhamiaji. Kisha Uhamiaji wakataka balozi zithibitishe kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na balozi zikajibu kwamba haziwezi kumkagua kila mlipa pensheni.

Nchi ina haki ya kumwuliza mgeni anaishi kwa kitu gani. Hilo sijapata kulipinga. Uingereza waliniuliza hivyo hivyo nilipokuwa msichana. Lakini tangazo linalotoka Oktoba na kuanza kazi Januari, kwa watu ambao wengi wana miaka sabini na themanini, wengine hawaoni vizuri, wengine hawajui kufungua akaunti kwenye simu, hilo nililiona ni zito na bado naliona zito. Ubalozi ulikuwa umetubeba. Ulipotushusha, mzigo haukupungua hata kidogo, ulihama tu ukawa juu ya mgongo wa mzee mmoja mmoja.

Tulikaa mezani, mimi na mume wangu, tukapiga hesabu. Baht 800,000 wakati ule ilikuwa kama pauni 19,000. Kanuni mpya zilizoanza Machi 2019 zilisema pesa hizo zikae benki miezi miwili kabla ya kuomba na miezi mitatu baada ya kupewa, kisha zisishuke chini ya 400,000 wakati wowote wa mwaka. Yaani nusu yake unaifunga kabisa, na ukiugua huigusi. Akiba yetu kubwa ilikuwa imeingia katika nyumba ya mama yangu Kisauni: paa, kisima, na mtu wa kumwangalia. Singeweza kuirudisha. Ilibaki njia ya mapato, sasa bila barua: kutuma kutoka Uingereza si chini ya baht 65,000 kila mwezi, miezi kumi na miwili, zionekane kwenye akaunti ya benki ya Thailand.

"Basi kila mwezi," mume wangu akasema.

"Kila mwezi, Mzee. Na usipotimia hata mmoja, umeharibu mwaka."

Kwenye karatasi yeye alikuwa mtegemezi wangu. Pensheni yake ni ndogo, kwa hiyo ruhusa yake ilining'inia kwenye yangu. Mimi nikikataliwa, tunaondoka wote wawili.

Pensheni yangu ya hospitali na ile ya serikali, ukizijumlisha, zilikuwa kama pauni 1,700 kwa mwezi. Mtu atasema ni nyingi kwa Chiang Mai, na ni kweli tuliishi vizuri. Shida ilikuwa pauni yenyewe. Mwanzoni mwa 2016, kabla ya Waingereza kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, pauni moja ilikupa zaidi ya baht 50. Mapema 2019 ilikuwa imeshuka hadi arobaini na kitu. Agosti mwaka huo ikafika 37. Zidisha 1,700 kwa 37 uone: hupati 63,000. Kazi ya miaka yote ile, zamu za usiku, Krismasi na Idi nilizozipitisha wodini, halafu mwezi mmoja soko la fedha linaamua kwamba hujatimiza masharti. Na pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi ukiishi Thailand. Unabaki na kiwango ulichoanza nacho, wakati mwenzako aliyestaafia Ufaransa anaongezewa kila mwaka. Tulichangia mfuko mmoja. Sijasikia maelezo ya jambo hili yakaniingia akilini.

Agosti ile niliongezea kutoka akiba ndogo iliyobaki Leicester. Septemba pia. Nikawa natuma zaidi ya inavyotakiwa, ili bei ikiteleza kati ya kutuma na kupokea nisikutwe na 64,900. Uhamiaji hawaangalii wastani. Mwezi wa baht 80,000 hausaidii mwezi wa baht 64,000. Nilikuwa nikiamka alfajiri, nikishaswali natazama bei ya pauni kabla sijatia maji ya chai.

Februari 2020 nikawa na miezi kumi na miwili imekamilika. Kabla ya kwenda Uhamiaji nilipita benki nikachukua barua ya kuthibitisha akaunti, taarifa ya mwaka mzima, na asubuhi ile ile wakakichapisha upya kitabu cha benki ili kionyeshe tarehe ya leo. Fomu ya TM.7 ya kuomba kuongezewa muda, picha, nakala za kurasa za pasipoti, kila nakala nimeisaini. Ofisi iko karibu na uwanja wa ndege. Msimu wa moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeanza, na habari za virusi kutoka China zilikuwa kila mahali, kwa hiyo sote tulikuwa tumefunika nyuso. Wazee wa Kizungu na mafaili yao ya plastiki, wengine na wake zao Wathai wakiwatafsiria. Nilipoangalia mikono ya wale waliokaa karibu nami niliona inavyoshika karatasi kwa nguvu. Nimewahudumia watu wanaosubiri majibu ya daktari. Wanashika hivyo hivyo.

Afisa alikuwa binti mstaarabu. Alianza na kitabu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akafika mahali akasimama, akarudi juu, akashuka tena.

"Hii, na hii," akasema. "Hizi hazionyeshi kutoka nje ya nchi."

Nikamwambia pesa zote zinatoka Uingereza, akaunti moja, jina langu. Akanigeuzia kitabu nione. Kila malipo yana alama yake. Mengi yalikuwa na alama ya uhamisho wa kutoka nje, lakini miezi ile ilikuwa na alama ya kawaida, ile ambayo ungeiona jirani akikulipa deni.

Sababu niliielewa baadaye. Kampuni za kutuma pesa kwa intaneti mara nyingi hazivushi pesa yako mpaka. Zinapokea pauni zako kule, kisha zinakulipa baht kutoka akaunti ambazo tayari ziko Thailand. Ndiyo maana bei yao ni nafuu. Wakilipa kupitia benki mshirika inayoweka alama sawasawa, uko salama. Mwezi wakipitia nyingine, kitabu chako kinasema pesa ni za hapa hapa. Wewe uliyetuma huoni tofauti yoyote: pesa imefika, imetimia, umelala.

Nilitoa risiti za kampuni, zimechapishwa vizuri, zina tarehe, pauni na baht. Akazisoma zote, hakunipuuza. Kisha akasema kwa upole kwamba risiti za kampuni hazitoshi. Alihitaji karatasi ya benki ya Thailand inayosema kila moja ya pesa hizi imetoka ng'ambo. "Bado una siku kabla muda wako haujaisha," akasema, akanirudishia faili. Alichosema kilikuwa kweli, kwa sababu mtu anaruhusiwa kuomba ndani ya siku 30 kabla ya muda kumalizika na mimi sikungoja dakika ya mwisho. Hata hivyo miguu ilikuwa mizito kuinuka pale. Muda ukipita bila ruhusa, kila siku ya kuzidi ina faini ya baht 500, lakini faini haikunitisha. Nilichokiona mbele yangu ni kuondoka nchini na mume mwenye pumu, kwenda kuanza viza upya, wakati viwanja vya ndege vinaanza kuogopwa.

Mume wangu hakusema neno mpaka tulipofika nje. Halafu akaniambia, "Mama, kwani pesa haipo?" Nikamjibu ipo. "Basi tutafute mtu wa kuiandika."

Tawi letu la benki karani wa kwanza alisema barua ya namna hiyo hawatoi. Wa pili, dada wa makamo aliyekuwa akinisalimu siku zote kwa kuniita mama kwa Kithai, alikuja mwenyewe kutoka meza ya nyuma. Alitazama ile mistari, akaomba risiti zangu, akapiga simu makao makuu Bangkok. Alisubiri kwenye simu muda mrefu sana, wateja wengine wakipita. Alipokata aliniambia kwamba makao makuu wana kumbukumbu ya kila pesa iliyoingia pamoja na chanzo chake, hata kama kitabu hakionyeshi. Kinachotakiwa ni kuomba kwa maneno yanayofaa: taja tarehe, taja kiasi, omba uthibitisho wa fedha zilizoingia kutoka nje. Mtu akisema tu "nataka barua ya Uhamiaji," anapewa ile ya kawaida, na ile ya kawaida haimsaidii.

Barua ilikuja baada ya siku kadhaa, ina muhuri, kila mwezi na mstari wake, kila mstari na nchi ilikotoka pesa. Nilirudi Uhamiaji. Afisa mwingine, mwanamume, aliisoma, akaweka tiki kwa kalamu, akapokea baht 1,900 zangu na 1,900 za mume wangu, akagonga. Haikuchukua muda. Shughuli yote ya mwaka mzima iliishia kwenye muhuri ambao wino wake ulikuwa umefifia upande mmoja.

Jirani yetu wa mtaa ule alikuwa mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi kiwandani huko kaskazini mwa Uingereza. Pauni ilipokuwa kwa baht 50 mapato yake yalifika bila taabu. Sasa hayakufika: alikuwa akituma kama baht 50,000 kwa mwezi na hana akiba ya kuongezea. Muda wake ulikuwa uishe Aprili. Alikuwa ameanza kugawa vitabu vyake, na mwenzake, mama wa Kithai aliyeishi naye miaka mingi, alikuwa akipika huku akilia. Kumrudisha mtu wa umri ule Uingereza, ambako hana nyumba tena, kwa sababu ya pengo la baht 15,000, kuliniuma kuliko mambo yangu mwenyewe.

Mume wangu ndiye aliyeuliza swali. "Hawa wamefunga ndoa ya serikali?" Hawakuwa wameifunga. Walikuwa wamefanyiwa sherehe ya Kibudha kijijini kwao mama yule, watawa wakasoma, wakafungwa nyuzi mikononi, lakini ofisi ya wilaya haikuwahi kuandika chochote. Na kwa aliyeoa Mthai kisheria kiwango si 65,000. Ni 40,000.

Wakaenda mbio. Ubalozi, uliokataa kuandika barua ya mapato, ulikuwa bado unatoa karatasi ya kuthibitisha kwamba mtu hana ndoa nyingine. Ikatafsiriwa Kithai, ikagongwa muhuri wa wizara yao ya mambo ya nje, na kabla Februari haijaisha tulikuwa sote kwenye ofisi ya wilaya, sisi wawili tukiwa mashahidi. Bibi harusi alivaa blauzi ya hariri ya buluu. Bwana harusi aliniuliza kama nimeleta kalamu.

Jumatatu yake nilimpeleka benki, nikamkalisha mbele ya yule dada, na kabla hajafungua mdomo nikaanza kumtajia tarehe na kiasi, mwezi baada ya mwezi.