Kabla hujapanga chumba Vingunguti, uliza upepo

Mpangaji huja Kiwalani au Vingunguti, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kukagua chumba, anakuta kumetulia, analipa kodi ya miezi 6. Upepo ukigeuka, ndege zinaanza kushuka juu ya bati lake. Dalali hakumdanganya. Kilichobadilika ni upande unaotumika kutua.

Uwanja huo, wa Julius Nyerere, una njia kuu moja ya kurukia, ya mita 3,000 hivi, iliyolala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Ile fupi inayoikata haitoshi ndege kubwa. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, ikivuma, zinatua zikitokea Kipunguni, upande wa kusini magharibi, na kuruka kuelekea Vingunguti. Upepo ukitoka kusini magharibi, ni kinyume chake. Kusi ndiyo inayosumbua: ikitokea kusini mashariki inaipiga njia ubavuni, hivyo ikihama kidogo tu waongoza ndege wanageuza upande, hata ndani ya siku moja.

Kelele zenyewe hazifanani. Ndege inayotua hushuka kwa nyuzi 3, kwa hiyo ikiwa kilomita 2 kabla ya njia iko kama mita 120 tu juu yako. Injini zimepunguzwa, mluzi ule mkali unatokana zaidi na hewa inayokwaruzana na magurudumu na mabawa yaliyofunguliwa. Inayoruka huunguruma kwa uzito unaopenya ukuta wa tofali. Iliyojaza mafuta ya safari ndefu, kwenye joto la Dar, hupanda polepole kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na waliopo chini wanaisikia kwa muda mrefu zaidi.

Rubani anaweza kupanda wima zaidi hadi futi 3,000 kabla ya kuongeza mwendo. Jirani wa uwanja anapata nafuu, lakini wa mbele zaidi anaongezewa. Ndiyo maana sikubaliani na wakazi wanaodai ndege "zipelekwe kule", upande mwingine: kule nako kuna watoto waliolala. Tena mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hauruhusu kelele ziamue upande endapo upepo wa nyuma unazidi noti 5, karibu kilomita 9 kwa saa.

Ukilalamika TAA (mamlaka ya viwanja vya ndege) au TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), andika tarehe, saa na dakika, ilikuwa inatua au inaruka, na ilielekea wapi. Nyumbani anza na matundu: tofali za hewa juu ya madirisha, vioo vya luva visivyofunga vizuri, na nafasi kati ya ukuta na bati. Dari ya jipsamu bila kuziba hizo haisaidii sana.